Waliponiita Mchawi kwa Sababu ya Kukimbia Alfajiri

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nyinyi mlioketi mbele na nyinyi mnaojificha kule nyuma karibu na mlango, wote nawasalimu. Mimi ni mjane wa hapa Musanda. Wajukuu wananiita Kukhu, na nyinyi pia mmezoea kuniita hivyo. Shule nilisoma kidogo sana, kwa hivyo nitasema mambo vile yalivyokuwa. Asiyependa atanivumilia.

Mnajua nina ugonjwa wa sukari. Rosa naye alikuwa nao. Rosa alikuwa jirani yangu na rafiki yangu, mjane kama mimi. Daktari wa kliniki alituambia sote wawili tutoe jasho kila siku. Mchana hatukuwa na nafasi, kuna ng'ombe, kuna shamba, kuna watoto wa kupeleka shule. Basi tukawa tunaamka kabla ya jua, tunavaa raba na sweta, leso tunafunga kiunoni, tunakimbia ile barabara ya katikati ya miwa. Mimi nilitoka kwangu, Rosa alinisubiri kwenye lango lake.

Vijana wa bodaboda walitucheka. "Kukhu, mnakimbizwa na nani?"

Rosa aliwajibu, "Si na wewe! Wewe hata pikipiki yako inakushinda mbio!"

Rosa alikuwa mtu wa kucheka. Mimi si mtu wa kucheka. Alikuwa ananiambia, "Mama, kimbia kama mtu, unarusha miguu kama kuku amekatwa shingo." Nami namwambia, "Funga mdomo, utameza wadudu." Hivyo ndivyo tulivyopendana.

Ndugu zangu, mvua ndefu ikaja. Barabara ikawa matope ya kumeza viatu. Tukasema tungoje ikauke. Mvua ilipopungua ikaja baridi ya mwezi wa saba, na ukungu mpaka mtu haoni ng'ombe wake aliyemfunga mwenyewe. Tukasema tungoje jua. Katika kungoja huko Rosa alishikwa na kifua. Alikohoa, akapelekwa hospitali, akarudishwa kwenye sanduku. Tulimzika ndani ya ua wake, karibu na lile lango, udongo ukiwa mzito kwa maji.

Sasa sikilizeni. Huku kwetu mtu akienda kwenye matanga huingia akilia. Anasikika kutoka barabarani, watu wanajua fulani amefika, na marehemu amepewa heshima yake. Mimi niliingia kimya. Nikachota maji, nikaosha sufuria, nikasonga obusuma, ule ugali wa wageni, mpaka mabega yakaniuma. Machozi hayakuja. Nilimwona Bramwel, mwana wa Rosa, akiniangalia kutoka upande wa pili wa moto. Sikujali. Nilidhani ni uchungu wa kufiwa tu.

Baada ya hapo sikukimbia tena. Raba nilizitupa chini ya kitanda. Nilikuwa nikiamka saa ile ile, mwili umezoea, lakini nilikaa tu kwenye giza nikisikiliza mabati yakidondosha umande. Nilikula ovyo, nilikunywa chai na sukari kama mtu anayejitafutia kifo. Miguu ikaanza kufa ganzi. Nikajikwaa kwenye jembe, nikapata kidonda kwenye kidole cha mguu, na sikukisikia mpaka mjukuu wangu mmoja akaniambia, "Kukhu, unanuka."

Daktari alikiangalia kile kidonda, akaniangalia na mimi. Akasema, "Mama, tutakisafisha, na dawa utameza. Lakini kikipona na usirudi kuutoa huo mwili jasho, kingine kitakuja, na huo mguu utauacha hapa kwetu."

Nilirudi nyumbani nikapiga magoti. Nikamwambia Mungu, nipe kuamka tu, kukimbia nitakimbia mwenyewe.

Kidonda kilipofunga, nikatoa raba chini ya kitanda. Zilikuwa zimekauka na matope ya zamani, ngumu kama mbao. Ndugu zangu, msifikiri kurudi ni rahisi! Asubuhi ya kwanza sikufika hata mahali wanapopimia miwa. Moyo ulinipiga hadi masikioni. Nilishika miwa kando ya barabara, nikatapika chai yote. Nikarudi nyumbani nikichechemea. Kesho yake nikatoka tena. Nikitembea kidogo, nikikimbia kidogo. Giza ni nene, umande unalowesha sketi, na upande ule alipokuwa Rosa hakuna mtu.

Nikifika kwenye lango lake nilisimama. Nilisema, "Rosa, nimepita." Basi. Halafu naendelea. Sikuona ubaya wowote.

Lakini mnajua tulivyo. Huku kwetu mtu akisikia miguu inakimbia nje kabla ya jua, hafikirii mambo ya afya. Anafikiria mchawi, yule anayekimbia uchi usiku, anayegonga milango ya watu na kurusha mchanga juu ya mabati. Sasa mama mzee, mjane, anakimbia peke yake gizani, anasimama kwenye kaburi, anaongea na maiti! Na huyo maiti ni rafiki yake aliyekuwa akikimbia naye! Na kwenye matanga hakulia! Walijumlisha wenyewe wakapata jibu. Eti nilimla Rosa.

Nilipoenda kusaga mahindi, wanawake walisogeza mabeseni yao mbali na langu. Wajukuu wangu walirudi kutoka shuleni wakilia, wameambiwa nyanya yao hupanda juu ya paa. Mimi na goti hili, paa nitapanda na nini? Ningefanya nini? Nikiacha kukimbia, naacha mguu. Nikiendelea, naacha jina. Nikachagua mguu.

Ikafika asubuhi moja. Nilikuwa ndiyo kwanza nimesema, "Rosa, nimepita," tochi zikaniwakia usoni. Watu walitoka kwenye miwa pande zote. Rungu, panga. Na nilisikia harufu ya petroli.

"Simama hapo hapo!"

"Nimesimama," nikasema. "Kwani mnaniona nimelala?"

Mmoja akanong'ona, "Lakini amevaa nguo. Hao hawavaagi nguo."

Mwingine akamkemea, "Amevaa kwa sababu amejua tunakuja! Wewe nawe!"

Bramwel alikuwa mbele. Akasema, "Mama yangu ulimfanyia nini? Umemaliza kumla, sasa unakuja kufuata nini hapa?"

Ndugu zangu, niliomba. Sikuwa na maneno marefu, nilisema, "Yesu, unaona," na nikangoja. Nilitaka malaika. Nilitaka moto kutoka juu. Kilichokuja ni baiskeli.

Alikuwa Mzee Shabani, yule anayeuza kamba sokoni, akienda msikitini kwa swala ya alfajiri kama kawaida yake. Alishuka, akaiangusha baiskeli katikati yangu na wao.

"Subhanallah! Mnafanya nini na huyu mama?"

"Mzee, pita. Hii si yako."

"Ni yangu. Huyu nakutana naye hapa tangu akiwa na marehemu Rosa. Hunisalimia. Huuliza mgongo wangu unaendeleaje. Tochi yangu ikififia hunigombeza nikanunue betri. Nyinyi mmeona wapi mchawi anayesalimia watu njiani? Mchawi akiona taa hujificha!" Kisha akavua kofia, akaishika mkononi. "Na kama kutoka gizani ndiyo kosa, basi nimwagieni na mimi hiyo petroli. Mimi natoka gizani kila siku ya Mungu."

Bramwel peke yake akasema, na sauti ilikuwa ya mtoto, "Basi mbona hakulia?"

Nikamjibu mwenyewe. "Bramwel, mimi sikulia hata nilipomzika mume wangu. Mama yako alinijua hivyo, na alinipenda hivyo."

Aliangalia chini. Tochi zikazimika, moja baada ya nyingine. Wakarudi ndani ya miwa bila kuaga. Mzee Shabani aliinua baiskeli, mnyororo ulikuwa umetoka, akaisukuma kwa miguu hadi msikitini, amechelewa.

Leo nimesimama hapa, mzima, na miguu yangu yote miwili! Bwana apewe sifa! Msiniambie ni bahati. Bwana aliniokoa kwa mkono wa mtu ambaye haabudu ndani ya nyumba hii, na wengine waliobeba rungu huabudu ndani ya nyumba hii. Majina sitataja. Mnajijua, na mimi nawaona kutoka hapa. Nimewasamehe kwa sababu nimeamriwa. Harufu ile bado haijanitoka puani.

Sitawadanganya kwamba mambo yamekuwa mazuri. Bramwel hasemi nami. Lango amelifunga kwa miiba, kwa hivyo siku hizi namsalimia Rosa nikiwa barabarani, bila kusimama. Wanawake wengine bado wanasogeza mabeseni. Asubuhi ni baridi na upande wangu hauna mtu. Lakini natoka. Aliyenitoa katikati ya wale watu hakunitoa ili nikaoze kitandani.

Wewe unayeogopa giza lako, mwamini Bwana, utoke. Wewe uliye na sukari, kuna nafasi upande wangu, vaa raba uje. Na wewe uliyesimama nami pale ukiwa na rungu, kesho kabla ya jua utasikia miguu inapita nje ya nyumba yako. Ni mimi. Fungua dirisha unisalimie kwa amani, "Mulembe, Kukhu." Nitakuitikia.