Raija Kettukangas Hakusitasita

Raija Kettukangas hakusitasita hata siku moja katika miaka thelathini na minne ya kazi. Waliomsikiliza ndio walioamua kusikia kusitasita. Hilo ndilo dai langu, nami nitalitetea katika jarida hili hili la wafanyakazi, lililoniomba maneno matamu ya kumuaga anapostaafu tarehe 31 Januari. Yeye mwenyewe ameomba zawadi moja tu: neno "anasitasita" lifutwe kwenye faili lake kabla hajarudisha kadi ya lango. Ombi hilo halijajibiwa.

Dada huyu aliingia kiwanda chetu cha karatasi cha Haukiranta akiwa fundi wa maabara, na mwaka wa tisa akawa msimamizi wa zamu kwenye mashine namba mbili. Hakupaza sauti. Aliongoza kwa kuuliza. Februari ya mwaka 2011, baridi ikiwa nyuzi thelathini chini ya sifuri, alisikika redioni: "Jamani, kuna mwingine anayesikia harufu hii, au ni pua yangu tu?" Wanaume watatu wakajibu kwamba wameisikia kwa dakika kumi. Akasimamisha mashine papo hapo. Beringi moja ya rola za kukaushia ilikuwa nyekundu kama kaa la moto. Wale watatu hawakuwa wazembe. Kwetu mtu hasemi mpaka aulizwe, na Raija alilijua hilo kuliko wakubwa wake.

Tathmini yake ya mwaka huo, aliyonikabidhi kwa hiari niinukuu, yasema: "Anasitasita. Huomba maoni pale panapotakiwa uamuzi." Mwaka huo huo mkurugenzi wetu, Aarno Voutila, alimsifu Hannes Mäkitörmä, msimamizi wa zamu ya tatu, katika ukurasa wa kwanza wa jarida hili: "Husikiliza watu wake kabla ya kuamua." Hannes ni mwanamume mwema, na kosa si lake. Nionyeshwe tu tofauti ya matendo hayo mawili, nami nitanyamaza.

Raija akapelekwa kozi ya kuzungumza kama kiongozi. Alirudi na amri fupi fupi, bila swali hata moja. Siku ya nne Jouni, mwendesha winchi, akashindwa kuvumilia: "Bosi, tuulize kama zamani, bwana! Amri zako zina baridi kuliko huko nje."

"Nimefundishwa siku tatu nzima, Jouni. Jikaze mpaka Ijumaa."

Zamu nzima ilicheka. Ofisi haikucheka, tathmini iliyofuata ilimwita "mkali mno". Mara tatu aliomba ukuu wa idara, na mara tatu akanyimwa: kwanza kwa upole wake, kisha kwa ukali wake, mwisho bila sababu yoyote.

Wataalamu wa kozi hutuambia wanawake huzungumza hivi na wanaume vile. Nimevisoma vitabu vyao, tena vingi, na ninavishuku. Vinapima midomo tu. Masikio hayajawahi kupelekwa kozi.

Jumatatu, kwenye ubao wa kantini, kando ya tangazo la keki ya kumuaga, lilibandikwa tangazo la kumtafuta mrithi wake. Nafasi imepandishwa kuwa ukuu wa idara. Sifa ya kwanza inayotakiwa: "uwezo wa kuongoza kwa kuuliza maswali." Huenda ni sadfa. Mimi siamini sadfa iliyopigwa pini nne.

Dada Raija, asante kwa kila swali. Ukienda kuvua, ziwa likupe samaki hata chini ya barafu, na majirani zako wakujibu kabla beringi haijaungua.

Nawe, mkurugenzi Voutila, tuandikie hapa hapa, kwa jina lako, wote tusome: ni mwaka gani kuuliza kulikoma kuwa udhaifu kukawa sifa? Zimebaki siku kumi na mbili. Mjibu Raija angali ndani ya lango.