Saini ya Mama Ndoo

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Mafunzo ya Uuguzi. Mkuu wa chuo, wakufunzi na wazazi wetu:

KARIBU
Karibu sana kwetu. Ukiona viti vimeachana hivi, usidhani tumegombana. Ni mazoea ya janga, hayajatutoka.

TULIKOTOKA
Tuliingia wodini thelathini na wanne, tumezoea kumwogesha mwanasesere asiyelalamika. Wiki ya pili wakufunzi wetu wote wakaugua. Wauguzi waliobaki hawakuwa na nafasi hata ya kunywa maji. Ndipo matroni akamwita mfanya usafi wa wodi, aliyewahi kufanya kazi kwenye kambi ya kipindupindu, akamwambia, "Hawa watoto nakuachia wewe, kwenye chumba cha kuvulia mavazi ya kinga. Asipite mtu mpaka uridhike."

Tulimwita Mama Ndoo. Kila asubuhi kabla ya zamu alitufanyisha mazoezi: glavu, gauni, nawa, miwani, nawa, barakoa mwisho, nawa tena. "Unavua kama umeingiwa na siafu," alimwambia mwenzetu Profesa, anayeongoza darasani. "Haya vaa, uanze upya." Profesa alirudishwa mara tisa, kisa kujikuna pua.

TULICHOVUNA
Tulijifunza kumgeuza mgonjwa, na kumshika mkono mzee ambaye wanawe hawakuruhusiwa kuingia. Hakuna hata mmoja wetu aliyeambukizwa. Tunampenda yule mama, na hatuoni haya kulisema.

KINACHOTUKWAZA
Ofisi yako imerudisha vitabu vyetu vya mafunzo kwa vitendo. Ukurasa wa kumi na mbili, wa kuvaa na kuvua mavazi ya kinga, unataka saini ya muuguzi msimamizi, nasi tuna saini ya mfanya usafi. Bila ukurasa huo hatufanyi mtihani wa mwisho. Tumeshauriwa tumtafute muuguzi yeyote asaini upya. Wapo waliojitolea, na tunawashukuru kwa moyo wao. Ila hawakuwepo pale mlangoni, na hatutaki kuianza kazi hii kwa uongo.

OMBI
Tunalo moja tu: saini yake ikubaliwe.

Mwenyewe yupo. Tulimwekea kiti mbele, akakataa. Amesimama mlangoni na ndoo yake. Ukitoka atakuambia unawe mikono, na usiponawa vizuri atakurudisha. Tafadhali, mgeni rasmi, mtii. Sisi tulimtii, ndiyo maana leo unatuona wote.

Mungu akulinde, wewe na wa nyumbani kwako.

Ni sisi wanao, wanafunzi wauguzi wa mwaka wa tatu, thelathini na wanne kamili.