Elieshi Ndetaramo Kovács, Jina Lake Lote

Mchungaji, Mjomba Eliud, ndugu, majirani wa Tensta na marafiki mliofika hapa kanisani Spånga, nanyi wa Machame mnaotutazama kwa simu, mimi ni Emilia, kitindamimba wa marehemu, na kaka yangu Mikael ameniachia karatasi hii kwa sababu anasema sauti yake haitafika mwisho.

Mama yetu, Elieshi Ndetaramo Kovács, alizaliwa tarehe 14 Machi 1963, Machame, mkoani Kilimanjaro, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto sita wa mzee Ndetaramo na bibi Magdalene. Alisoma shule ya msingi kijijini kwao kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, akaendelea na sekondari mjini Moshi hadi 1981, kisha akasomea uuguzi, akahitimu Novemba 1985, na kwa miaka mitatu alifanya kazi katika wodi ya wazazi, ambako alisema alijifunza kula akiwa amesimama, tabia ambayo hakuiacha mpaka mwisho.

Tarehe 2 Septemba 1988 aliwasili Stockholm kwa mafunzo ya mwaka mmoja yaliyoandaliwa na kanisa, na mwaka huo mmoja ukawa thelathini na saba. Mwaka 1990 aliajiriwa katika huduma ya wazee majumbani, Husby, akafanya kazi hiyo hadi alipostaafu kwa ugonjwa, na mwaka 1991 alimwalika kaka yake, Mjomba Eliud, akamtafutia kazi katika kiwanda cha kufua nguo za hospitali na chumba cha kupanga Fittja.

Alikutana na baba yetu, Ferenc Kovács, ndani ya basi la Spånga, yeye akiwa abiria na baba akiwa dereva. Baba alizaliwa mwaka 1951 katika mji wa Győr, Hungaria, akaletwa Sweden na wazazi wake akiwa na miaka mitano baada ya vita vya 1956, na baba yake alikuwa mwoka mikate. Naomba mlishike hilo la mikate, kwa sababu hapa ndipo historia hii ilipoanza kwenda upande.

Mwaka 1994 mama aliandika barua nyumbani kwamba amepata mchumba, na jina lake ni Kovács. Kule kiwandani Mjomba alikuwa na mwenzake Mhungari, akamuuliza maana ya jina hilo, yule akamjibu bila kufikiri mara mbili kwamba ni mhunzi. Mjomba alipiga simu Machame siku hiyohiyo. Katika nyumba ya babu ilikuwa mwiko binti kuolewa na ukoo wa wahunzi, kwa imani kwamba nyundo ya mhunzi ikigongwa kwa hasira inafunga uzazi wa nyumba nzima, na kwa babu mambo yalikuwa wazi, mtu akiitwa mhunzi basi ametoka kwa wahunzi, angetoka wapi tena. Januari 1995 baba alisafiri hadi Machame kujitambulisha, akapeleka mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa utaratibu wote, na babu akamwambia mbele ya watu, "Chai nitakupa, wewe ni mgeni, lakini pombe yako siipokei."

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Juni 1995, hapahapa Spånga, na upande wa mama viti vilikaliwa na wafanyakazi wenzake. Mwaka uliofuata mimba ya kwanza iliharibika, na kuna watu, sitawataja, waliosema nyundo imeshagongwa. Mama, muuguzi wa wodi ya wazazi, aliyejua vizuri kuliko wote sababu za mimba kuharibika, alilazimika kusikia hayo kwa simu akiwa bado kitandani. Mikael alizaliwa tarehe 8 Mei 1997, nami tarehe 21 Novemba 2002, na hakuna aliyepiga simu kusema alikosea.

Sasa nisemeje kuhusu jina lenyewe, maana limebeba lawama ya miaka thelathini bila kupewa nafasi ya kujitetea. Mama alilichunguza, si vitabuni, bali kwa bibi mmoja Mhungari aliyekuwa akimhudumia Husby, ambaye aliposikia kwamba analetewa mhudumu aitwaye Kovács alifungua mlango akatazama nyuma ya mama kumtafuta Mhungari mwenzake. Walicheka, wakawa marafiki kwa miaka tisa. Bibi huyo alimweleza kwamba neno lenyewe Wahungari walilichukua kwa majirani zao Waslavi, kwamba zamani kila kijiji kilihitaji mtu wa kutengeneza majembe na viatu vya farasi, na majina ya ukoo yalipoanza kuandikwa yule wa kijiji hiki akaandikwa Kovács, na wa kijiji kile vilevile, bila kujuana wala kuwa na babu mmoja. Kijijini kwake peke yake zilikuwapo familia tatu za Kovács ambazo hazikuwa na udugu wowote. Leo Hungaria wako zaidi ya laki mbili, jina la pili kwa wingi baada ya Nagy, ambalo maana yake ni mkubwa, nao wengine ni wafupi tu. Nyundo walizishika watu waliokufa karne nyingi zilizopita, na babu yetu wa Győr, kama nilivyosema, alishika unga wa mikate. Baba yangu hakuweza kupigilia msumari wa picha bila kujigonga kidole, na mama ndiye aliyetundika kila kitu nyumbani kwetu.

Mama hakusema hayo kwa babu. Aliamini muda utasema badala yake. Lakini babu alipofariki, Agosti 2004, alisafiri kwenda kuzika, akakaa mstari wa mbele akisikiliza historia ya marehemu ikisomwa, na kila mtoto wa babu alitajwa na mume au mke wake na watoto wake, mpaka ilipofika zamu yake, ikasomwa, "Elieshi, yuko Ulaya." Basi. Mimi na Mikael hatukuwapo, baba hakuwapo, miaka tisa ya ndoa haikuwapo. Alirudi Tensta akapika kama kawaida, na miaka mingi baadaye, baba alipofariki tarehe 3 Februari 2016 na kuzikwa katika makaburi haya, alituambia, "Yangu ikisomwa, isomwe yote."

Februari mwaka huu mama aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa hadi Agosti, akaomba kurudi nyumbani, na alifariki Tensta tarehe 9 Oktoba 2025, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka 62, Mikael akimshika mkono wa kulia nami wa kushoto.

Jumapili iliyopita tulikaa kikao cha familia, na Mjomba, ambaye anachonga msalaba wa kaburi, akaniambia, "Emi, mwanangu, soma jina la baba yake tu, Ndetaramo, inatosha. Wazee wa nyumbani watakuwa wanatazama."

Nikamjibu, "Mjomba, kama nyundo ya watu laki mbili ingekuwa inafunga uzazi, Hungaria ingekuwa pori."

"Unanijibu kama tuko mahakamani."

"Mahakamani ningekuuliza mimi na Mikael tumetokea wapi."

Mikael akaniambia kwa Kiswidi ninyamaze, chai ikapoa, na Mjomba akaondoka na ubao wake wa msalaba bila kusema ataandika nini. Niliumia, na leo nakiri mbele yenu kwamba ulimi wangu ulikwenda mbali kuliko adabu.

Marehemu ameacha watoto wawili, Mikael Kovács na Emilia Kovács, mjukuu mmoja, Jasmin, kaka mmoja na dada wawili, na alikuwa mke wa Ferenc Kovács kwa miaka ishirini, miezi saba na siku kumi na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu, timu iliyokuja nyumbani kila asubuhi mwezi wa mwisho, wafanyakazi wenzake wa Husby, Mama Prudence wa ghorofa ya tatu na Warundi wenzake walioimba naye hata alipokuwa hawezi kuitikia, na Mchungaji.

Namshukuru pia Mjomba Eliud. Jana mchana alinipigia simu kutoka karakana ya chini ya jengo lao Fittja, hakunisalimu, akauliza, "Jina la shemeji lina herufi ngapi?" Kwa miaka thelathini alikuwa akimwita "yule dereva" tu. Nikamwambia ni sita. Nikasikia penseli ikipita kwenye mbao, kisha akasema, "Zitatosha."

Mama, imesomwa yote. Pumzika sasa kwa amani, Elieshi Ndetaramo Kovács.