Mkono Niliouficha Mfukoni

Ndugu zangu wa jumuiya, mwenyekiti kanipa dakika tano. Shule nimeishia la tano, kwa hiyo kanipimia sawasawa.

Mnanijua, mponda mawe wa Geita. Duara letu, lile shimo tulilochimba, lilipokosa dhahabu nikashuka Dar, nikapata kazi melini. Kumbe tunapeleka chakula na mafuta kwa watu walio vitani, kaskazini huko ambako bahari yenyewe inaganda! Meli zetu zinafuatana, manowari mbili zinatusindikiza kama wachungaji na ng'ombe. Amri moja: hakuna kusimama.

Maji yakiruka juu ya meli yanakuwa barafu hapohapo. Ikizidi, meli inalemewa, inapinduka. Kwa hiyo tunaiponda. Nikapewa mtalimbo, fimbo nzito ya chuma. Nikasema, si kazi yangu hii? Nikavua glavu, nikatemea mate viganjani kama tunavyofanya shimoni, nikaukamata.

Ndugu zangu, nawaambia, mtalimbo haukuniachia! Mkono umeganda na chuma. Nikauvuta kwa nguvu, ngozi ikabaki kule. Nikauficha siku mbili nisichekwe, mpaka vidole vikawa vyeusi.

Nahodha alipoviona akaita manowari. Ikaja ubavuni, inatembea hivyohivyo, baharia wao mmoja, tabibu, akavuka kwa kamba juu ya maji yale. Kwa ajili yangu mimi! Lugha hatuelewani. Akafungua koti, akauweka mkono wangu kwenye tumbo lake upate joto. Hata mke wangu hajawahi! Vidole vitatu vilikatwa, mkono ukapona.

Nikarudi, lakini nyumbani sikufika. Nikajificha Kagongwa, mji wa njiani, miezi minne, mkono mfukoni. Nilijiona mzigo. Shemeji akaniona sokoni. Kesho yake mke wangu huyo, anashuka kwenye basi.

"Baba Kabula, toa mkono."

"Mkono una baridi."

"Kwa jua hili?" Akauvuta, akauangalia, akahesabu vidole. Nikajua ndoa imeisha. "Ng'wanawane, mwanangu we! Ndiyo umenikimbia kwa hivi vitatu? Viwili vinatosha kushika tonge. Na vyombo utaosha."

Nikalia sokoni kama mtoto. Vyombo naosha mpaka leo, muulizeni pale alipokaa anacheka.

Asante, mke wangu. Asante baharia yule, nisiyemjua hata jina. Nanyi mlionipokea bila kuniuliza, asanteni. Mwenye kidonda akitoe mapema. Mimi ningekitoa siku ileile, labda ningebaki na vitano.

Tukimaliza nasimama pale mlangoni. Kila mtu anisalimie kwa mkono. Huu, jamani, siyo ule mzima.