Kura Iko Kambi Boru, Ngamia Wako Gotu

Mgeni rasmi Bwana Mworia, afisa wa kuandikisha wapiga kura; chifu wetu; wazee mlioketi mbele na akina mama mnaoendelea kupika huko nyuma: salaam aleikum, na kwa ndugu zetu Wakristo, habari zenu.

UKARIBISHO

Sisi akina mama wauza maziwa ya ngamia, pamoja na familia zetu, tumefurahi kukuona. Umetoka Isiolo mjini ukavuka lagga, huu mto wetu wa msimu, ikiwa na maji, jambo ambalo wageni wengi hulifanya mara moja tu maishani. Umekuja kuzindua uandikishaji kwa ajili ya uchaguzi wa Agosti mwaka ujao, na tumeambiwa mashine ziko ndani ya gari. Karibu sana. Tumechinja.

HISTORIA YETU

Kikundi hiki kilianzishwa na akina mama wachache waliochoka kuuza maziwa kila mmoja kivyake kando ya barabara. Wakati wa mvua, kama sasa, tunaishi hapa Kambi Boru kwa sababu malisho yapo. Kiangazi kikianza, ngamia huhamia Gotu, karibu na mto, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Wanaume na vijana huenda nao, na akina mama wanaopokea maziwa pia. Hapa hubaki wazee, wagonjwa na wenye watoto wachanga. Ndivyo tulivyozaliwa tukakuta. Agosti ni kiangazi.

MAFANIKIO

Tumeacha mitungi ya plastiki. Siku hizi tunatumia ya aluminiamu, na bado tunaifukiza kwa moshi wa kuni kama mama zetu walivyofanya, hata wateja wa mjini wanayatambua maziwa yetu kwa harufu.

Pia tumepata mgombea. Mwenzetu mmoja aliwania kiti cha mwakilishi wadi uchaguzi uliopita, na atawania tena. Tunajua hapa si mahali pa kampeni, kwa hivyo hatutamtaja jina. Ndiye anayekumiminia chai.

CHANGAMOTO

Kabla ya uchaguzi uliopita, waandikishaji walikuja msimu kama huu. Mmoja wetu alitaka kuwaambia kwamba Agosti hatutakuwa hapa. Mzee Ibrae akamkatiza: "Mgeni amekuja na gari mpaka kwa boma, halafu sisi tunamwambia rudi? Hiyo ni aibu. Kila mtu aweke kidole." Tukaweka vidole kwenye mashine, na tukawapa mbuzi wa njiani.

Agosti ikafika. Kituo kikafunguliwa hapa shuleni kama ilivyopangwa, na makarani wakakaa kivulini kungoja watu. Watu walikuwa Gotu. Tari, mume wa yule mgombea, alijaribu kupiga kura huko huko Gotu, lakini mashine ikaonyesha kwamba kituo chake ni Kambi Boru. Akampigia mkewe simu: "Mama, kura iko huko, ngamia iko huku. Sasa mimi nifuate gani?" Mkewe akamwambia akae na ngamia.

Mwenzetu alishindwa kwa kura chache, kiasi cha familia mbili tatu. Hata kura ya mumewe hakuipata. Yeye hakulia mbele yetu. Sisi tulilia.

Aliyeshinda alishinda kwa haki. Tangu hapo hajafika Kambi Boru, na hatumlaumu. Alipoyaangalia matokeo ya kituo chetu, aliona hapa hapana watu. Kivuko cha lagga tulichoomba hakijajengwa. Maji yakijaa, gari la maziwa husimama upande huu hadi joto liyaharibu maziwa, nasi tunayamwaga chini. Wiki iliyopita tulimwaga tena. Inatuuma.

MAOMBI

Tunaomba mashine zipelekwe Gotu wakati wa kiangazi cha Januari, kabla daftari la wapiga kura halijafungwa, ili vijana wetu waandikishwe huko na sisi wa zamani tuhamishiwe huko. Wale wasioweza kusafiri wabaki na kituo cha hapa shuleni.

Ombi la pili ni gumu kulisema. Mzee Ibrae yupo hapa, na ruhusa ametupa yeye mwenyewe. Jana alituambia: "Mwambieni huyo mgeni ukweli. Lakini asiondoke na njaa."

Mgeni rasmi, leo usituandikishe. Hapana mtu wa Kambi Boru atakayeweka kidole, hata mmoja. Tunajua umetoka mbali, na kwetu kumrudisha mgeni bila alichokijia ni aibu kubwa. Aibu hiyo tunaiona hata sasa tunapoisoma risala hii. Lakini tukiwa wapole leo kama tulivyokuwa ile mara nyingine, Agosti makarani watakaa tena kivulini peke yao.

Kwa hivyo tunaomba mashine zibaki garini, na wewe ubaki ule nasi.

Mungu akuvushe lagga salama, aibariki kazi yako na nyumba yako, na atukutanishe tena Gotu jua likiwa kali. Tutachinja na huko.

Ni sisi,
Wauza Maziwa ya Ngamia wa Kambi Boru.

Imesomwa na Khadra, katibu.
Mwenyekiti hakuweza kutia sahihi. Ameshika birika la chai.