Mutu wa Chini ya Ukuta Mwekundu

Sogezeni viti, wanangu, mukae upande wa dirisha nisikie pumzi zenu, maana macho yangu hayatofautishi tena nyekundu na nyeusi, na muchoraji asiyeona nyekundu amekwisha kuitwa. Étienne, mwalimu, weka kalamu chini, hapa si kwenye masomo. Maneno haya si ya kuandika, ni ya kubeba. Mbambu, acha kulia kwanza. Utalia, binti yangu, na sababu nitakupa miye mwenyewe.

Nianze na mepesi. Parseli hii, kiwanja na nyumba, ni yenu wawili, isiuzwe, na mutu akikuja na karatasi mumuambie kwamba Paluku aliijenga kwa picha za baa na za sakristia, tofali moja moja. Chumba cha mbele, ateliye yangu ya kuchorea, ni cha Mbambu. Shamba la kahawa la marehemu mama yenu Angélique ni la Étienne, lakini ulilime, usiliangalie tu kama unavyoangalia kila kitu. Na ile picha kubwa inayogeukia ukuta, ile Gustave mwenye hoteli ameiomba mara tatu, asipewe hata akisimamisha gari mbele ya mulango na kusema lichukueni. Picha ile iko na mwenyewe. Ndiyo sababu nimewaita.

Sikieni sasa, wala musinikatize, pumzi yangu ni kidogo.

Munajua nilifundishwa rangi za mafuta na padri mumoja Mubeleji. Huyo padri alikuwa na almanaka yenye picha za jangwa la Amerika, makorongo yenye kuta za mawe mekundu, marefu kuliko makanisa matatu yakipandana, bila jani, bila moshi wa jiko. Miye mutu wa milima mibichi ya Butembo, nikashikwa na mahali pasipo hata nyasi, na miaka mingi nilinakili almanaka ile mupaka karatasi ikachakaa. Ni Kamate aliyenicheka. «Paluku, weye uko unapaka inchi ya watu yenye haujaona, na huku Kilo, kwenye migodi, iko moja ya kweli! Twende nikuonyeshe, uache kuabudu karatasi.»

Kamate munamujua kwa jina baya tu, bwana wa Mama Vahwere anayeuza makayabo, samaki wa chumvi, sokoni. Miye nilimujua kabla ya jina hilo. Tulitoka Butembo kwa lori moja, tukalala chumba kimoja hapa Bunia mupaka kila mutu akapata bibi. Alinipeleka upande wa Kilo, mahali ambapo zamani za ukoloni walikata mulima kwa nguvu ya maji wakitafuta zahabu, kisha wakauacha wazi kama kidonda. Kuta nyekundu, mustari wa njano, mustari mweupe, na chini muchanga mutupu. Watu wa pale walipaita Jangwa. Wanangu, nilipiga magoti. Ilikuwa almanaka yangu, lakini hii ilikuwa na joto na harufu.

Kuchimba pale kulikatazwa, iko na mulinzi, lakini kwa brashi hakutuzuia. Nilikuwa nikienda na vitambaa vidogo vya kuchorea, cha asubuhi na cha muchana, maana ukuta ule saa tatu ni wa waridi na saa tisa umekuwa kama maini. Kisha picha kubwa nilizipaka hapa nyumbani, nikitazama vile vidogo. Hivyo ndivyo padri alinifundisha. Lakini mwaka wa septante-quatre, sabini na nne, mvua ilipokatika, kiburi kikaniambia: weye si mutoto tena, peleka kitambaa kikubwa chenyewe kwenye jua. Kamate akakibeba kichwani.

Siku ya Kwanza, Jumatatu, nilichora ukuta, na ndani yake ufa mumoja mwembamba wa kutoka juu. Siku ya Tatu nikaona ufa wangu haufanani na ule wa mulimani. Wa mulimani ulikuwa mupana zaidi. Padri alinifundisha kwamba kitambaa na kitu vikibishana, muongo ni kitambaa. Basi nikachukua kisu, nikakwangua, nikachora upya. Siku ya Nne ukawa tena hauko sawa. Nikajitukana, nikasema mukono umezeeka, nikakwangua tena, nikaupanua. Mumesikia? Sikuwaza hata mara moja kwamba mukono wangu ulikuwa sawa, na mulima ndio ulikuwa unatembea. Kila mutu anajua kusema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Miye nilikuwa nasahihisha ufa kwa brashi.

Siku ya Tano picha ilikuwa nzuri, lakini ukuta ulionekana mufupi kama wa choo, kwa sababu hakuna kitu pembeni cha kuupima. Korongo bila mutu halina urefu. Nikamuambia Kamate, nenda usimame kule chini, nikuweke. Akaenda akicheka. «Unipake na kofia yangu, bibi yangu asinipoteze!» Alisimama mbali kidogo na ukuta. Nikamuambia, rudi nyuma. Akarudi. Nikamuambia tena, hatua moja nyuma, ndugu yangu, kivuli kikuguse. Akarudi hatua moja.

Nilikuwa nimekwisha kuweka kofia, doa la njano. Nilikuwa nainama kuchanganya rangi ya shati.

Mbambu, nipe maji. Kidogo.

Nilichimba ule ukuta ulioanguka kwa mikono hii mupaka kucha zikang'oka. Watu walipomutoa, amekwisha kufa, mulinzi akauliza, alikuwa anafanya nini chini ya ukuta? Nikaogopa gereza. Nikasema, aliingia kuchimba zahabu, nilimukataza, hakusikia. Uongo ule haukuchukua hata muda wa kusafisha brashi. Na huo si mubaya zaidi. Munajua desturi yetu, mutu aliyekuwa na marehemu mwisho hukaa kwenye mukeka mbele ya wafiwa, anasema alivyokufa na neno alilosema. Nilikaa. Vahwere alikuwa chini, mbele yangu, ananitazama mudomo. Akauliza, «Shemeji, alisema nini?» Nikamuambia alisema, kuko zahabu pale. Neno lake la kweli, la kofia, la bibi yake, nikalimeza. Miye nilimuibia mwanamuke neno la mwisho la bwana yake, nikamupa la muizi mahali pake.

Tangu siku ile wakamuita bibi ya muizi. Jérôme, mutoto wake, akaacha masomo kwa sababu ya matusi. Wanasema njia ya muongo ni fupi. Yangu, wanangu, imekuwa ya miaka kumi na mbili.

Sasa picha. Niliileta nyumbani, nikakwangua kofia, nikaifunika kwa rangi nzito ya mwamba. Mwaka wa quatre-vingts, themanini, asubuhi moja nafungua dirisha, kofia iko pale. Nikafunika. Baada ya miaka miwili ikarudi, na bega chini yake, bega ambalo sikumbuki kulipaka. Najua sababu, padri alinieleza: rangi ya mafuta huwa nyembamba na miaka, cha chini kinapanda juu. Najua, na kujua hakunisaidii kitu. Makorongo yote niliyopaka humu ndani baada ya pale, ya baa, ya maofisa, brashi yangu ilikuwa inashuka yenyewe mupaka mguu wa ukuta na kuweka doa la njano. Watu walisifu, Muzee Paluku, yule mutu mudogo anapendeza sana! Nilikuwa nashukuru, kisha napokea pesa. Muficha ugonjwa, kilio kitamufichua.

Mbambu. Karibia. Jérôme alipokuja kukuomba, mwaka wa quatre-vingt-quatre, miaka miwili iliyopita, na ndugu zake na kuku wawili, nilisema mbele ya wote, siozeshi binti kwa mutoto wa muizi. Ulipiga magoti, nikakuondoa kwa mguu. Haikuwa hasira. Yule kijana alikuwa na mabega ya baba yake, sikuweza kumuona mezani pangu kila Siku ya Mungu mupaka nife. Sasa ameoa kule Iga Barrière, na weye uko hapa unanisafishia mate. Maji yakimwagika hayazoleki. Siombi unisamehe leo. Nataka tu ujue kwamba hukukataliwa kwa kosa lako wala lake.

Étienne, usiondoke. Kaa! Najua unawaza masomo, wanafunzi, jina la Paluku. Jina lile ni deni, si mali. Muchukue picha, wewe upande mumoja, Mbambu upande wa pili, wazi, isifunikwe na shuka, mupite nayo sokoni katikati ya muchana, mupaka kwa Vahwere. Mutandike mukeka. Étienne, ukae pale nilipokaa, useme yote: ufa, kisu, hatua moja nyuma. Kisha umupe neno lake. Ulirudie kama lilivyo, na kicheko chake, kama unaweza. Jérôme atumiwe habari na lori la kwanza. Na brashi zangu... zitupeni tu.

Baraka munaingoja, naona. Mutu mwenye deni kama hili anabariki na mukono gani? Mukimaliza, muiname mbele ya Mama Vahwere. Akiweka mukono kichwani mwenu, hiyo ndiyo baraka ya baba yenu. Akiukataa, musimulaumu, muamuke, mupendane, Mungu awaone bila miye.

Hapana, musingoje nife. Nendeni sasa. Nilitaka kwanza... nilitaka muende baada ya maziko, nimekuwa muoga mupaka jana. Lakini kama Vahwere anataka kuja hapa kunitukana, anikute ningali na masikio. Nendeni, wanangu. Mulango... muuache wazi.