Mirta Olascoaga na Wosia wa Mashine

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi Mirta Olascoaga alistaafu Ijumaa, tarehe 29 Agosti 2025. Mhariri wa jarida letu ameniomba maneno ya kuchangamsha. Nitajaribu, ingawa tangu Ijumaa hiyo chumba cha mitambo kina mtu mmoja tu, nami ndiye huyo.

Alianza mwaka 1994 hapa mjini Durazno, katika kituo chetu cha kupima kina cha mto Yí, akiwa mpiga chapa. Kompyuta zilipoletwa kila mtu alizikwepa. Yeye akavuta kiti. Miaka yote alikuja na chupa ya maji ya moto kwapani na kibuyu chake cha mate, ile chai chungu ya majani inayonywewa huku, na mvua ikinyesha alituletea torta frita, maandazi ya kwetu, zilizofungwa kwenye gazeti. Kwa watu wa papara alikuwa mkali kama pilipili.

Kazi yake kubwa wengi hawakuijua. Kiini cha mfumo wa kompyuta kinapoanguka, kabla ya kuzimika humwaga kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu katika sehemu ya diski iliyotengwa. Mashine ikiwashwa tena nakala hiyo huhifadhiwa, na anayejua kuisoma ataona kilichoiua. Mirta aliiita wosia. Mashine ikianguka alisimama mlangoni na kutuonya: "Marehemu asiguswe mpaka aseme. Na wewe Walter, ukibonyeza hicho kitufe nitakubonyeza wewe."

Walter ni mimi, na bila wosia huo nisingekuwa hapa. Majira ya baridi ya 2014, mto ukiwa umeshaingia nyumba za kando, mashine kuu ilianguka mara mbili katika wiki moja, zote wakati wa zamu yangu. Injinia Bentancur, mkuu wetu wa wakati huo, alikata shauri kwamba nimeuchokonoa mfumo, na barua ya kunifukuza ikaanza kuchapwa. Wosia wa mara zote mbili ulikuwa umekatika katikati, hausomeki.

Mirta alikaa nao siku nzima, akagundua sababu. Mwezi Aprili mwaka huo alikuwa ameiongezea mashine kumbukumbu maradufu, akasahau kupanua ile sehemu ya wosia, nayo haikutosha tena. Hakuna aliyemshuku, na angeweza kunyamaza. Aliingia kwa mkuu na kibuyu chake mkononi, akasema, "Wosia umekatika kwa kosa langu, injinia. Walter simtetei wala simlaumu. Nusu ya wosia ni uvumi tu. Tungoje mashine ianguke tena."

Alipanua sehemu hiyo, tukangoja siku tisa. Mashine ilipoanguka mara ya tatu wosia ulitoka mzima na mkosaji akaonekana: programu ya kuendesha kadi ya mtandao, iliyoandika mahali pasipo pake kila vipimo vya mto vilipomiminika kwa wingi. Barua yangu ilichanwa. Mirta alipewa onyo la maandishi kwa usahaulifu, akalibandika ukutani juu ya meza yake, na liko pale hadi leo.

Tangu hapo, kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, aliiangusha mashine ya akiba kwa makusudi ili kuhakikisha wosia unatoka wote. Mimi nilisoma ukubwa wake kwa sauti, naye akiwa upande wa pili wa chumba alijibu, "Umetimia." Kisha alinijazia kibuyu cha mate.

Jumatatu iliyopita niliiangusha peke yangu. Wosia ulitoka. Nilisoma ukubwa wake kwa sauti kama kawaida, nikangoja. Mwishowe nilijijibu mwenyewe, nikajimiminia maji. Sikujua kwamba chumba kile ni kikubwa hivyo.

Bi Mirta, kituo kizima kinakushukuru, nami nakushukuru kwa zile siku tisa. Tunakuombea mapumziko ya amani na mvua zisizofika mlangoni kwako. Jumatatu ya kwanza ya Oktoba ni tarehe sita. Nitasoma kwa sauti, na kiti chako sijakitoa.